Mpigachapa na Mji Wake wa Ziwani

Hakupenda kusalimiwa akiwa kazini. Ukifika barazani pake, nyuma ya soko la Nachingwea, ukatoa shikamoo, aliinua kidole kimoja bila kukutazama, akamaliza mstari, akasukuma taipureta ikalia ting, ndipo akakuitikia marahaba kana kwamba umefika sasa hivi. Watu walisema ana maringo. Na mimi nilisema hivyo, mpaka siku aliponieleza kwamba katikati ya mstari ule kulikuwa na mwanamke amesimama gatini na mzigo kichwani, na asingeweza kumwacha amesimama vile kwa ajili ya shikamoo yangu.

Tulimwita Mpigachapa. Jina lake alikuwa nalo, lakini hata mwenyekiti wa mtaa alimwita hivyo kwenye mikutano. Alipiga chapa ofisi ya serikali miaka mingi, na kompyuta zilipoingia wakamuaga kwa kumpa ile taipureta yake ya siku zote. Akaibeba nyumbani kichwani, mwenyewe, na aliyetaka kumsaidia alimkaripia. Kuanzia hapo akawa anaandikia watu barua za posa, barua za maombi ya kazi na hati za kuuziana mashamba. Hizo zikiisha, aliandika riwaya. Zote za mapenzi, zote za zamani za Wajerumani na Waingereza, na zote za mji mmoja mdogo kando ya ziwa aliouita Rusenga. Rusenga hauko kwenye ramani. Nimeutafuta.

Nilimkosea mama huyu. Ninalisema hili mapema usije ukadhani wewe unayesoma kwamba mimi ni mtu mwema anayemkumbuka mtu mwema. Nilimbadilishia mwisho wa riwaya yake moja, na yuko mwanamke ambaye mpaka leo anaishi ndani ya kosa lile.

Lakini kwanza nieleze zilivyosomwa, maana hazikuwahi kuwa vitabu. Alipiga nakala moja tu. Sura ikiisha, aliibana kwa pini, akanikabidhi mimi niipeleke kwenye kikundi cha wabanguaji. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, tukibangua korosho chini ya bati la mama mmoja. Aliyewahi kubangua anajua: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, yanaacha vidole vyeusi na ngozi inayobanduka. Ukishika karatasi kwa mikono ile, umeimaliza. Kwa hiyo kikundi kilikuwa na kanuni yake. Msomaji habangui. Ananawa, ananyoosha viganja mbele ya wenzake wavione, kisha anakaa kwenye kigoda na kusoma, na kila mbanguaji anamtupia ungoni mwake kiganja kimoja cha alichobangua. Lile tuliliita fungu la msomaji. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na sauti isiyochoka, basi nikala fungu lile kwa miaka kadhaa, mikono yangu laini kama ya bibi harusi. Wenzangu walinitania kwamba nitaolewa na karani.

Kwa wengi wao Kiswahili cha riwaya kilikuwa kigumu kidogo. Bibi mmoja Mmwera alikuwa akinisimamisha kila ukurasa. "Hapo umesema nini? Huyo ntu kaondoka au kafukuzwa?" Nikamweleza. Kueleza kule ndiko kulikonizoesha kuongeza chumvi. Leo nikitafuta mahali nilipoanza kupotea, napata hapo.

Rusenga tuliujua kuliko Ruangwa. Tulijua meli ya moshi inafika Ijumaa, kwamba akida anakaa kwenye nyumba pekee ya mabati mji mzima, na kwamba dagaa wanaanikwa mchangani na bata wanawaiba. Mpigachapa alikuwa mkali kwa mambo ya kale. Wazee waliomjia kuandikiwa barua aliwahoji kwanza: rupia ilikuwa inafungwa wapi kwenye nguo, taa iliwashwa na nini, tarishi alilala wapi njiani. Mzee akisema sijui, barua yake ilichelewa. Simu hakuitaka ndani ya riwaya zake kabisa, na sababu alikuwa nayo. "Mtu mwenye simu humngoji," alisema, "unamkasirikia tu." Lakini simu ya kwake mwenyewe hakuwahi kuizima, hata msibani, na ilipolia aliitazama kwanza kwa mbali, kama anayetazama mgeni aliye bado njiani.

Kitu kimoja hatukukijua wote, yeye wala sisi. Katika riwaya zake ziwa lilikuwa linakupwa na kujaa. Wapenzi wa Rusenga walikutana maji yakikupwa, mashua zimelala ubavu kwenye tope, na wakaachana maji yakijaa. Sisi hatukuona ajabu. Maji makubwa tuliyoyajua watu wa huku ni ya Lindi, na ya Lindi yanakwenda na kurudi, basi tukaona ndivyo maji makubwa yalivyo. Ndipo wakaja wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao, na mke wa mmoja wao akawa anatuletea maziwa. Siku moja akakaa kusubiri vyombo vyake huku nasoma. Nilipofika mahali pa maji kukupwa, akauliza, "Subiri, dada. Maji yameenda wapi?"

"Yamekupwa."

"Ziwa haliendagi popote. Nimezaliwa pale mimi. Asubuhi liko, jioni liko."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akajiunguza kidole. Nami, kwa umbea wangu, nikaenda kumpelekea Mpigachapa habari zile motomoto, nikitegemea na yeye atacheka. Hakucheka. Alitoa karatasi iliyokuwa kwenye mashine, akaitazama, akasema taratibu, "Miaka miwili alinihadithia ziwa lile, kila chai ya saa nne. Hakuniambia kwamba haliondoki."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kulikuwa na mtu. Alikuwa karani mwenzake, aliyehamishiwa huku kutoka mji mdogo wa ziwani. Alikuwa mpole, alikunywa chai bila sukari, na aliumwa na kukumbuka kwao. Alimhadithia gati, meli, bata, dagaa, yote. Halafu akarudishwa kwao, akamwambia, "Nikipata nyumba nitakuita." Mpigachapa akafunga begi. Aliniambia jambo hili mara moja tu, na alilisema kwa hasira, akinikazia macho nisije nikamhurumia. "Mwaka wa saba nilipolifungua, mende walikuwa wamekula kila kitu. Wamebakiza vifungo."

Sasa utaelewa kwa nini riwaya zake hazikuwa na harusi. Meli ilipita bila kutia nanga. Mwanamume alizama, au alirudi na mke, au alirudi mzima na akapita mlangoni bila kugeuka. Kina mama walikuwa wakimwendea kumshitaki. "Mpigachapa, umeua tena!" Naye anajibu huku anafuta miwani, "Sikuua mimi. Nimemkuta amekufa." Na bado, mletee barua ya posa uone. Alitabasamu peke yake akiichapa, akaongeza maneno mazuri ambayo mwenye posa hakuyaomba, na kama yeye mwenyewe hakuyapenda, karatasi akaichana na kuanza upya. Nilimuuliza mbona za watu anazipamba hivyo na za riwayani anaziharibu. Akasema, "Za watu bado sijui mwisho wake."

Katika kikundi chetu alikuwamo Somoe. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, ana kicheko cha kuambukiza, na alikuwa shoga yangu. Mumewe alivuka Ruvuma kwenda kwenye machimbo ya mawe huko Msumbiji. Mwanzoni alipiga simu, baadaye akatuma salamu kwa watu, baadaye kimya. Mwaka wa nne wa kimya, wazee wake na wa mume wakakaa, wakamwambia yuko huru. Akatokea fundi seremala wa Mandawa, aliyefiwa na mke, mtu wa maneno machache, aliyemtengenezea kigoda cha kubangulia kabla hata hajasema lolote. Akaja kwa Mpigachapa kuandikiwa barua ya posa. Somoe akaipokea, akaiweka. Wiki zikapita, hajibu ndiyo wala hapana. Sisi wenzake tuligawanyika. Yule bibi wa Kimwera alimwambia wazi, "Ntu akienda Msumbiji miaka minne bila salamu, huyo kashakuwa wa huko."

Wakati huo huo Mpigachapa alikuwa anatuletea riwaya aliyoiita *Meli ya Ijumaa*. Msichana aitwaye Tunu anamngoja mchochea moto wa meli. Kila Ijumaa anakwenda gatini. Na yuko seremala wa mashua anayempenda, hasemi. Hata kipofu angeona Tunu ni nani. Somoe mwenyewe aliona, akawa anabangua huku amesimamisha masikio, hacheki tena. Siku moja akasema mbele yetu sote, kama mzaha, "Mimi nitamjibu fundi sura ya mwisho ikisomwa. Tunu akifanya nini, na mimi hivyo hivyo." Tukapiga vigelegele.

Mpigachapa aliponipa sura ya mwisho alinishika kifundo cha mkono. Hakuwa mtu wa kushika watu. "Hii isome polepole," akasema. "Usiruke."

Niliisoma njiani. Meli inafika, mchochea moto hayumo. Tunu anauliza mabaharia, wanatazamana. Anarudi nyumbani, anachukua mkeka aliokuwa akiutandika kila Ijumaa kwa ajili ya mgeni, anaukunja, anampelekea seremala aketi. Basi. Hakuna busu, hakuna ngoma. Mwanamke amekunja mkeka. Leo naona ndio mwisho bora kuliko yote aliyowahi kuandika, na ndio pekee uliokuwa na mlango ndani yake. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliona ni mwisho wa baridi.

Nikanawa, nikanyoosha viganja, nikakaa. Mawe ya kubangulia yalikuwa yametulia, hakuna aliyebangua. Somoe alikuwa ananitazama mdomoni. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba, na mimi nilidhani anaomba mume. Nikafika pale meli inatia nanga, macho yangu yakasoma kitu kimoja, mdomo wangu ukasema kingine. Nikamshusha mchochea moto kutoka melini. Nikamvalisha kanzu nyeupe. Nikamtia machozi, nikamfanya aseme kwamba alikuwa amefungwa ng'ambo, kila usiku akihesabu nyota za Rusenga. Nilisema upuuzi mwingi, na ulitoka kama maji. Vigelegele vilipasua bati. Somoe alinikumbatia kwa mikono yake myeusi, akanichafua gauni, analia na kucheka.

Kesho yake alirudisha barua ya posa. Keshokutwa akachukua jogoo, akaenda kumshukuru Mpigachapa kwa kumrudisha yule mwanamume.

Jioni ile Mpigachapa alikuja kwetu. Hakuingia ndani. Nilimkaribisha kiti, akakataa, akasimama uani na jogoo bado anapapatika mkononi mwake.

"Alishuka?" akaniuliza.

Nikamtazama jogoo.

"Nakuuliza, msomaji. Alishuka?"

"Mama, nilimwonea huruma."

"Nani? Somoe, au wewe mwenyewe?" Sauti yake haikupanda. "Miezi minne nimemtafutia yule mtoto mlango. Maneno makali hayasikii, nasaha za wazee hasikii, nikasema atasikia riwaya. Umeufunga kwa dakika tano ili upigiwe vigelegele."

Nikalia. Nikamwambia nitakwenda kwa Somoe sasa hivi nimweleze. Akasema, "Nenda." Nilikwenda kweli. Somoe alinisikiliza mpaka mwisho, akanipiga kibao kidogo cha mapenzi begani, akasema, "Wamekutuma uje uniambie hivyo, eti? Wazee wamekununua." Hakuamini wakati ule, hajaamini mpaka leo. Fundi alioa Mandawa mwaka uliofuata. Somoe bado yuko, nywele zimeanza mvi, bado anabangua, na laini yake ya simu hajaibadilisha, kwa sababu ndiyo namba anayoijua mumewe. Nikikutana naye ananiita shoga. Sijui neno linaloniumiza kuliko hilo.

Mpigachapa hakutupatia riwaya nyingine. Nilikwenda kwake mara nyingi, nikaapa kwamba sitabadilisha hata nukta maisha yangu yote. Alisema, "Vizuri," akaendelea na barua za watu. Hakuninyima kiti wala chai. Aliacha tu kunikabidhi karatasi, na mimi, ambaye nilikuwa nimezoea kuingia Rusenga kama kwa shangazi, nikabaki nje. Nilirudi kubangua kama wenzangu. Vidole vyangu sasa ni kama vyao.

Macho yakaanza kumtupa mkono. Mpwa wake akaja kumchukua, akahamia kwake Nkowe, upande wa Ruangwa. Nilisikia kwamba huko aliendelea kupiga chapa hata alipokuwa haoni tena, maana kazi ile alijifunza bila kutazama vidole. Mpwa alikuwa anamwekea karatasi tu, na hakuruhusiwa kuzisoma.

Mwaka huu, ufuta ulipokwisha kuvunwa, mpwa akanipigia. "Shangazi anasema uje. Anasema aje yule msomaji, yule yule aliyebadilisha."

Sikulala kwa furaha. Nilielewa hivi: amenisamehe, ananipa nafasi nioneshe kwamba nimejifunza. Asubuhi nikapanda bodaboda, vumbi likanijaa mpaka masikioni, na njia nzima nilikuwa naongea na moyo wangu. Utasoma kilichoandikwa. Hata kama ni kichungu, utasoma.

Nilimkuta barazani kwa mpwa wake, amekonda, macho meupe. Nikamwamkia, akaitikia papo hapo, na hilo peke yake lilinivunja moyo. Akapapasa mikono yangu. "Umekuwa mbanguaji," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kanawe."

Mpwa akanipa bahasha. Ilikuwa riwaya fupi, sura tano. Mwanamke mmoja wa kusini, mpiga chapa, anasafiri siku nyingi kwenda Rusenga kumtafuta karani aliyemwahidi kumwita. Nilisoma tangu saa nne hadi adhuhuri. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, na kila mahali pazuri midomo yake ilikwenda pamoja na yangu. Ziwa katika riwaya hii halikukupwa. Lilikuwa pale asubuhi, lilikuwa pale jioni.

Nikafika ukurasa wa mwisho. Yule mwanamke anaoneshwa nyumba. Anabisha hodi. Mlango unafunguliwa na mzee, ndiye yeye, hajabadilika sana. Anamtazama mgeni, anatabasamu kwa adabu, anasema: "Karibu, mama. Unamtafuta nani?" Na mwanamke anajibu: "Samahani, nimekosea nyumba."

Ulimi ulinitekenya, sitaki kuficha. Nilijua hasa maneno ambayo yangemfanya mzee yule aite jina lake. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikajizuia, nikasoma kila neno kama lilivyochapwa, nikashusha karatasi.

Akangoja. Mpwa alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mboga, naye akangoja.

"Basi?" Mpigachapa akauliza.

"Basi, Mama. Ndipo inapoishia."

"Hakuna tena?"

"Hakuna. Nimesoma neno kwa neno." Na nilisema kwa kujivuna, Mungu anisamehe. Nilikuwa nangoja anisifu.

Uso wake ulibaki umenielekea, kisha ukainama taratibu. "Nilichoandika nakijua," akasema. "Nilikaa nacho mwezi mzima nikitaka kiwe kingine. Vidole vilikataa. Nikasema, nitamwita yule. Yeye anaweza."

Nikashika karatasi upya. "Mama, nirudie. Nirudie huo ukurasa wa mwisho."

"Hapana, mwanangu." Alisema kwa upole ambao hakuwahi kunionesha miaka yote ile. "Sasa ukirudia, nitajua ni wewe unayesema."

Akanyoosha mkono, nikampa karatasi zake. Akazigonga pajani mpaka kingo zikalingana, akazirudisha kwenye bahasha, akaniuliza kama kijana wa bodaboda bado ananingoja.